Nilivyochagua programu ya uzamivu (PhD) na kuandaa maombi

Nilianza na msimamizi, si jina la chuo. Katika uzamivu, mtu atakayesoma sura zako mwaka baada ya mwaka ana uzito kuliko orodha yoyote ya vyuo bora. Nilisoma makala za karibuni za kila niliyemfikiria, kisha nikawatazama wanafunzi wake: wanamaliza? Wanachapisha? Sasa wako wapi? Mwenye machapisho mengi lakini wanafunzi wake hawamalizi, nilimfuta. Ni muhimu pia kujua kama anakaribia kustaafu.

Baruapepe ya kwanza haikuzidi maneno 200, na kichwa chake kilitaja fani na mwaka wa kuanza masomo. Sentensi kama "navutiwa sana na kazi zako" haina kazi, maana inaweza kwenda kwa yeyote. Inayojibiwa ni hii: "Katika makala yako, sampuli za udongo zilichukuliwa kiangazi tu. Je, unadhani matokeo yangekuwa yaleyale msimu wa mvua?" Baada ya swali nilieleza kwa ufupi nilichokwisha kufanya, nikauliza kama anapokea wanafunzi mwaka ujao, nikaambatisha wasifu.

Nchi nazo hutofautiana. Uingereza uzamivu huchukua miaka 3 hadi 4, na andiko la utafiti ndilo hubeba maombi. Marekani kuna masomo ya darasani kwanza, kamati ndiyo huamua, na maombi mengi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo maelezo yaleyale ya kueleza kwa nini unaomba hayafai kote kuwili.

Panapoharibika zaidi ni barua za mapendekezo. Mhadhiri asipokuwa na cha kushika ataandika "ni mwanafunzi mwenye bidii", na barua ya namna hiyo haikusaidii. Waombe miezi miwili kabla, uwape wasifu, matokeo, rasimu ya maelezo yako, na kazi uliyowahi kumfanyia kila mmoja pamoja na alama aliyokupa. Tumia anwani zao za chuo, kwani mifumo mingine ya maombi ya mtandaoni hukataa anwani binafsi. Ukishawaingiza kwenye mfumo, wakumbushe watazame folda ya barua taka. Kiungo cha kupakia barua hupotelea humo mara nyingi.

Majina kwenye pasipoti, vyeti na fomu yalingane herufi kwa herufi. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2, basi usifanye mtihani mapema mno. Tarehe ya ufadhili isome peke yake, maana mara nyingi hutangulia ile ya udahili.

Ukipata nafasi, omba maandishi yanayotaja ufadhili ni wa miaka mingapi, na kama unalipa ada, bima ya afya na posho ya kujikimu, hata miezi ya likizo. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji aliyepewa ufadhili kujibu kabla ya Aprili 15, kwa hiyo una muda wa kulinganisha.