Shahada ya Uzamili ya Upigaji Picha, Nikiwa Bagamoyo

Nilipojiunga, kwa masomo ya mtandaoni, na shahada ya uzamili ya sanaa ya upigaji picha katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, nilikuwa tayari nikiishi kwa kupiga picha za harusi hapa Bagamoyo, na kamera haikunipa taabu. Kazi ilikuwa kueleza, kwa maandishi na mbele ya wenzangu, kwa nini picha fulani ipo na kwa nini inaitangulia nyingine. Shahada za namna hii nchini Uingereza kwa kawaida huwa na krediti 180, yaani vipimo vya wingi wa masomo, na huishia katika mradi mkubwa ambao mwanafunzi huubuni na kuutetea mwenyewe.

Nilichagua kuwapiga picha wavuvi wa pwani yetu. Kwanza nilimsoma mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kuwapiga picha wateja mbele ya kitambaa, wakiwa wamevaa walichopenda na pengine wameshika redio. Hapo nikapata njia. Badala ya kuwavizia wavuvi wakivuta nyavu, kama wafanyavyo watalii wengi, nilitundika kanga ubavuni mwa ngalawa na kumwachia kila mmoja aamue akaeje na ashike nini. Mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alisema, “Ngoja kwanza, mwanangu, nikavae kanzu.” Picha yake ndiyo niipendayo kuliko zote. Pwani ya Bagamoyo inaelekea mashariki, hivyo jua la asubuhi hutokea baharini na kumwangaza usoni anayeitazama bahari. Likishapanda juu, vivuli huyafunika macho, nami nilikuwa nikifunga vifaa vyangu.

Uteuzi ulidai muda mwingi kuliko upigaji wenyewe. Nilichapisha nakala ndogondogo, nikazitandaza sakafuni na kuzihamisha tena na tena, na hata picha nzuri niliiondoa ikiwa inarudia lililokwisha kusemwa na jirani yake. Katika vikao vya uhakiki msimamizi aliniuliza ni nani mwenye mamlaka juu ya picha, mpigaji au mpigwa. Swali hilo nililipeleka kwa wavuvi wenyewe, na majibu yao ndiyo yaliyojenga maelezo ya mradi wangu. Kila mmoja wao alipokea nakala yake na kuikubali kabla sijaiwasilisha chuoni, sharti ambalo bado nalishika katika kila kazi ninayoifanya na majirani zangu.