Daftari la majina, wiki ya sita: A iliyonipotosha

Majina 64 ya Kihindi, kila moja na maana yake. Jumapili yalikuwa 70, lakini sita yamerudi kwenye karatasi ya rasimu, na chanzo ni herufi A.

Nilijiwekea kanuni: jina la Kisanskriti (lugha ya kale ya Uhindi) likianza na a-, hicho ni kikanusho. Mwanzoni ilikubali. Ajay, yaani a- na jaya (ushindi): asiyeshindika. Ashok, asiye na huzuni. Amar, asiyekufa. Amit, asiyepimika. Nikavimba kichwa. Nilipofika kwa Anand nikaandika kwa peni, bila wasiwasi: "asiye na furaha".

Jirani yangu, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, alicheka mpaka akavua miwani. "Shangazi gani huyo ampe mtoto jina hilo?" (Kwao shangazi, dada wa baba, ndiye hutoa jina.) Akaninyang'anya peni, akaandika અ. Pembeni akaiandika tena, ila safari hii akaongeza mstari wima upande wa kulia: આ. Ya kwanza fupi, ndiyo ya Ajay. Ya pili ndefu, wala haikanushi kitu. Anand ni furaha yenyewe! Kwa herufi zetu za Kilatini mstari ule haupo, zote ni A tu.

Anil ndilo lililonimaliza. A yake ni fupi, lakini imo ndani ya mzizi: an, kupumua. Anil ni upepo.

Basi nimechora safu mpya ya maandishi ya asili, na kazi imekuwa maradufu. Faida yake nimeiona kwa Pankaj. Nilikuwa nimeandika "yungiyungi" nikapita. Kumbe panka ni tope na -ja ni aliyezaliwa. Mzaliwa wa tope. Saroj ni mzaliwa wa ziwa, Niraj wa maji, na ua ni lilelile.

Jina Sita, la mke wa Rama katika utenzi wa Ramayana: mfuo wa plau, maana Mfalme Janaka alipokuwa akilima alimkuta ardhini akiwa mtoto. Hili halikunisumbua.

Yamebaki ya -endra: Mahendra, Surendra, Rajendra. Indra, mfalme wa miungu, yumo humo, ila i yake haionekani. Maha (kuu) ikikutana na Indra, a na i huungana kuwa e, kama wa- na -ingi tunavyopata wengi. Hili nimeling'amua mwenyewe usiku, Ba bado sijamwambia.