Nilivyoezeka Upya Nyumba ya Takaungu

Nyumba ya nyanya yangu iko Takaungu, mji mdogo wa Waswahili kando ya hori, mkono wa bahari uingiao bara, kusini mwa Kilifi. Ni mji ambao Mazrui, ukoo wa Waarabu waliokuwa wakitawala Mombasa, waliuhamia baada ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, kuwanyang'anya Mombasa mwaka 1837. Nilipoamua kuitengeneza, paa lilikuwa limebaki makombamoyo matupu, yaani miti ya kubebea makuti, na dari ya chumba cha ndani imeinama katikati. Nilikuwa na akiba kiasi, likizo ya kazini, na ujuzi wa ujenzi usiozidi kupaka rangi. Baba yangu ni Mtaita wa Wundanyi, na kwao nyumba ni matofali na mabati, hadithi imekwisha. Ya kwa mama ilinizungusha nusu ya Pwani.

Kabla sijanunua hata msumari, mjomba alinikalisha barazani akaniuliza, "Nyumba ni yetu, sawa. Ardhi umemuuliza nani?"

Msomaji wa bara huenda akashangaa. Kwetu Pwani mtu anaweza kumiliki kuta na paa asimiliki kiwanja, akawa analipa kodi ya ardhi kwa mtu ambaye hata hajamwona. Asili yake ni ule ukanda wa maili kumi ambao Waingereza waliupata kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar mwaka 1895. Kisha ikaja sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyotaka kila mwenye dai alete madai yake yaandikishwe. Waliokuwa na karatasi na wajuzi wa ofisi, wengi wao Waarabu na baadhi ya Waswahili, wakaandikisha. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Ndiyo maana hadi leo mtu anaitwa skwota mahali alipozikwa babu yake. Upande wa nyanya walikuwa na karatasi, majirani zetu Wachonyi, ambao ni Wamijikenda, hawakuwa nazo. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka nilipotaka kuezeka.

Basi nikafanya mambo kwa utaratibu. Nikawaita warithi wote, wale wa Mombasa nikawapigia simu, tukaandika barua ya makubaliano mbele ya wazee wa mtaa na nakala ikabaki kwa chifu. Nilidhani nimemaliza. Mjomba akanikumbusha kwamba minazi iliyo nyuma ya nyumba nayo ina mwenyewe. Kwetu mti na ardhi ni vitu viwili. Aliyepanda ndiye mwenye mnazi, na watoto wake huurithi hata kama kiwanja ni cha mwingine.

Mwenyewe alikuwa mzee wa Kichonyi anayekaa upande wa Chasimba. Nilimwendea asubuhi na mapema, na kifurushi cha sukari na majani ya chai mkononi, nikapiga hodi na kungoja nje mpaka nikaribishwe. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile minazi aliipanda baba. Nyanyako alikuwa akinipa papa na chumvi, nami nikimpa nazi. Wewe umekuja kuikata?" Nikamwambia la, nimekuja kuomba ruhusa ya kupitisha kuta karibu nayo, na kutafuta mtu wa kunishonea makuti. Akacheka. Makuti, alisema, nisingetafuta mbali, kwa sababu wakaza wanawe walikuwa wakishona kila siku pale uani.

Nilikaa nikawatazama. Kuti kavu lililoanguka huloweshwa ili majani yalainike na yasikatike. Mshonaji hupasua upongoo, ule uti wa katikati ya kuti, kupata ufito mwembamba, huukalia mwisho mmoja ili usicheze, kisha huchukua majani mawili matatu kwa pamoja, huyakunja juu ya ufito, na kuyafunga kwa ukambaa wa jani lenyewe, unaopita juu, chini, juu, mpaka kuti limekamilika. Mama mmoja alikuwa akizungumza na mimi, akimkanya mtoto, na kushona, na macho yake hayakushuka mikononi hata mara moja. Alinifundisha pia namna ya kuchagua. Kuti zuri, ukilinyanyua kwenye mwanga, hulioni jua. Likipenyeza mwanga, limeshonwa na mtu mwenye haraka, na mvua itapita palepale.

Niliagiza kwao makuti yote, nikalipa nusu mbele. Vilima vya Uchonyi, Rabai na Kaloleni ndiyo nchi ya mnazi hasa. Mvua inatosha na udongo ni mzito kuliko ule mchanga wa ufukweni. Ukienda magharibi zaidi, kuelekea Bamba na Ganze, mnazi unakataa, unaingia nyika ya miiba na mbuzi na mkaa. Safari ya saa mbili kwa gari, nchi inabadilika, na chakula mezani kinabadilika nacho.

Nguzo za paa zilinipa somo jingine. Kijana mmoja alinijia na kuniambia ana miti mirefu iliyonyooka, bei poa. Nilipomtajia yule mzee, alitaka kujua imetoka wapi. Kijana alikuwa ameikata pembeni mwa msitu wa kaya. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mafundi wake hawatagusa nyumba yangu kama miti hiyo itaingia uani. Makaya ni maboma ya kale ya Wamijikenda. Wazee wao husimulia kwamba walishuka kutoka Singwaya, nchi yao ya asili huko kaskazini, wakajificha humo. Baadhi ya misitu hiyo iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini mzee hakuhitaji UNESCO kumwambia. Nikanunua mivinje kwa wakulima wa upande wa Gede, wanaoipanda shambani kama mahindi, kwa mistari, ikauzwe. Ni minyoofu na haina ugomvi na mtu.

Dari ndiyo iliyonipeleka mbali. Dari ya chumba cha ndani cha nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake mawe na chokaa. Upana wa vyumba vya zamani, ule wembamba unaowashangaza wageni, umeamuliwa na urefu wa boriti, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Boriti nzuri ni za Lamu, ambako ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ningeweza kuagiza kwa simu. Mjomba alinishauri niende mwenyewe nikachague, na namshukuru.

Basi la Lamu lilipita Malindi, likakata nyika mpaka Garsen kwenye Mto Tana. Pale dirishani walikuja mama wa Kipokomo na ndizi na maembe, na wasichana wa Kiorma na maziwa. Wapokomo hulima kingo za mto, mafuriko yakipanda na kushuka, na ni kwao ulikotoka ule wimbo wa kubembeleza mtoto uliotupa sauti ya wimbo wa taifa. Waorma wana ng'ombe, na kiangazi kikikaza lazima ng'ombe wafike mtoni kwa njia zinazoitwa malka. Njia hizo zikilimwa, au ng'ombe wakiingia shambani, ugomvi huanza, na mwaka 2012 ulimwaga damu nyingi. Jirani yangu wa kiti, mwanamke wa Kipokomo, alinunua maziwa kwa Muorma kupitia dirishani, wakabishana bei kwa Kiswahili, kila mmoja akimwita mwenzake dada. Baada ya Garsen askari wakaingia barabarani kusindikiza. Tukapita Witu, ambako Wajerumani walikuwa na himaya yao kati ya 1885 na 1890, na jioni tukashuka Mokowe kupanda boti.

Lamu boriti haziuzwi moja moja, huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini. Tena si zote boriti. Kuna fito, kuna pau, kuna mazio, kuna boriti, kuna nguzo, na kila daraja ina unene wake na kazi yake. Mfanyabiashara aliyenipokea, mzee wa Kiamu, yaani mwenyeji wa Lamu, mwenye kofia iliyodariziwa, alinipa kahawa kwanza, akauliza habari za Takaungu na za watu waliokufa Takaungu, ndipo akaniuliza, "Wataka za dari au za kupaulia?" Nilipomwambia za dari, aliniambia ningoje. Wakataji wake, Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, walikuwa bado ndani ya vijito na hawangeweza kutoa mzigo mpaka maji ya bamvua, siku bahari inapojaa sana. Mti wa mkoko ukishakatwa hubebwa matopeni mpaka penye mashua, na mashua yenyewe inaelea pale maji yakijaa vizuri tu. Maji mafu hakuna kazi. Mipango yangu yote ya likizo ikawa mikononi mwa mwezi.

Nilitumia muda huo kuvuka Manda, ambako hutolewa mawe ya kujengea Lamu. Huko timboni nikakuta wachimbaji waliotoka hata Nyanza, wanakata matumbawe kwa mkono na kuyapanga kwa ukubwa. Nyumba mpya za Kiamu, zenye madaka na mabaraza, zinaanzia kwenye jasho la Mjaluo. Sijaona hilo kwenye kadi za posta.

Boriti zilipofika nilichagua mwenyewe, nikiviringisha kila moja chini kuona kama imepinda. Kibali cha msitu ni lazima kionekane, na nikadai nakala. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, Lamu iliumia kwelikweli, na tangu hapo hakuna mwenye lori anayekubali mzigo usio na karatasi. Nikachukua na magunia ya chokaa ya kuchoma. Fundi wangu alikataa katakata kuta za matumbawe zipigwe plasta ya saruji, kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi hujikusanya nyuma yake, na plasta hubanduka vipande vipande. Ukuta wa mbele, uliotengenezwa kwa saruji na jamaa zamani, ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Kazi yenyewe ilianza mwishoni mwa kaskazi, bahari imetulia na mvua bado. Kwenye uwanja nilikuwa na seremala wa Lamu kwa dari, waezekaji wa Kigiriama waliokuja na yule mzee, na fundi wa Kimakonde kwa mlango. Wazee wa huyu wa mwisho walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Yeye amezaliwa hapa, lakini kitambulisho alikipata mwaka 2017, baada ya wenzake kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka uliotangulia kudai uraia. Samaki wa mafundi alituletea Mpemba, ambaye jamii yake ilitambuliwa kuwa ya Kenya mwaka 2023 tu. Nilijikuta mimi, niliyedhani nina asili ya kutatanisha, ndiye mwenye karatasi rahisi kuliko wote.

Jambo gumu halikuwa lugha, wote walipiga Kiswahili, kila mtu chake. Gumu lilikuwa wiki. Seremala na mjomba hawapo Ijumaa kuanzia saa tano. Waezekaji wawili ni watu wa kanisa, Jumapili hawapo. Nikapanga kazi ya dari isiguse Ijumaa, na kazi ya juu isiguse Jumapili, na malipo yakawa Alhamisi jioni ili kila mtu apeleke sokoni. Chakula nilikiacha kwa shangazi. Sima, mchuzi wa samaki wa nazi, na mboga ya mtsunga kwa waliozoea uchungu wake. Hakuna aliyelalamika.

Ubishi mkubwa ulikuwa mwinuko wa paa. Seremala alitaka lisimame kidogo tu, lipendeze kutoka barabarani. Mwezekaji akasema paa likilala, maji yanalala nalo, na makuti yanaoza kabla hajamaliza kulipwa. Wakabishana asubuhi nzima, mmoja akichora mchangani, mwingine akifuta kwa mguu. Nilimpa ushindi mwezekaji. Aliendelea kufunga kwa kamba za katani kutoka mashamba ya Vipingo, akianzia chini kwenda juu, kila safu ikiifunika iliyo chini yake na kuacha nafasi ya vidole vinne tu. Makuti yaliisha kabla ya paa kwisha, tukaagiza tena, kwa sababu mimi nilihesabu kwa nafasi ya shibiri.

Kama una nyumba kama hii, agiza boriti mapema, mara baada ya Krismasi, kwa maana bamvua haikungojei wala lori halipatikani kila wiki. Makuti usiyanunue barabarani, panda vilimani ukaone yakishonwa. Chokaa iloweke siku nyingi kabla fundi hajafika. Na kabla ya yote hayo, uliza minazi ni ya nani.

Mvua ya kwanza ilipiga usiku mmoja mwezi wa Aprili. Pakavuja mahali pamoja, juu ya mlango wa uani, na mwezekaji akarudi kesho yake kuweka makuti mengine, bila malipo. Kilichobaki ni jiko, na hapo shangazi na mjomba bado hawajaelewana kama lijengwe ndani ya ua au nje.