Siku moja kwenye kliniki ya pua, baada ya upasuaji wa sainasi (mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso)

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kuguswa pua, mgonjwa anajaza fomu ya SNOT-22, ya kupima dalili za pua na sainasi: maswali 22, kila moja alama 0 hadi 5, dhiki ya mwisho ikiwa 110. Naiweka kando ya ile aliyojaza kabla ya upasuaji. Zikishuka alama 9 hivi, nafuu anaihisi mwenyewe.

Saa 3. Mgonjwa wa wiki ya kwanza baada ya upasuaji. Pamba yenye ganzi na dawa ya kubana mishipa ya damu, dakika 10, kisha endoskopi, kijiti chembamba cha kuchungulia ndani ya pua, cha milimita 4. Mabonge ya damu yananyonywa, magaga yaliyolegea yanatolewa. Yaliyoshika yaache, ukiyavuta unachuna utando mchanga na damu inaanza upya. Ninachokiwinda ni uzi wa kovu kati ya konka ya kati (mkunjo wa mfupa na utando ndani ya pua) na ukuta wa pembeni. Ungali laini, unakatwa papo hapo. Ukikomaa, unaziba mlango wa sainasi.

Saa 5. Mwaka umepita, kamasi bado linashuka kooni. Endoskopi inaonyesha sainasi ina matundu mawili: la asili, na lililotobolewa nyuma yake bila kuunganishwa nalo. Vinyweleo vya sainasi husukuma kamasi kwenye tundu la asili hata ukichimba jingine kama lango la boma, basi linatoka huku, linarudi kule. Dawa haitasaidia, anarudi kwenye meza ya upasuaji, matundu yafanywe moja.

Saa 6:30. Usaha wa upande mmoja, unanuka. Nashuku chanzo ni gego la juu. Kwa daktari wa meno.

Saa 8. Vinyama vya puani pamoja na pumu, na aspirini inambana kifua. Wagonjwa wa aina hii ndio vinyama huwarudia zaidi, kwa kuwa kisu huondoa vinyama, si uvimbe unaoviotesha. Ampuli (kichupa) ya budesonidi, steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 0.5, inaingia kwenye maji ya kuoshea pua kila siku. Namuuliza harufu ya kahawa: kunusa kukipungua, mara nyingi vinyama vimeanza tena.

Saa 9:30. Mapishi ya maji ya kuoshea pua, maana wengi hukosea hapa: mililita 240 zilizochemshwa zikapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto, chembe za soda ya kuokea. Maji matupu huchoma. Ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kubeba amiba wa kuua. Inama kwenye sinki, mdomo wazi, usimeze mate wakati maji yanapita, la sivyo yanapanda sikioni.