Hama? Na kodi ya miezi sita nani anarudisha?

Kila aliyesikia kisa cha shoga yangu alimwambia ahame. Watu wanatamka kuhama kana kwamba ni kubadili siti kwenye daladala. Pale Tabata alishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua ya mwezi mzima. Ahamie wapi, kwangu? Kwangu wenyewe tunabanana.

Shida ilikuwa hivi: akirudi kazini anakuta vitu vimeguswa. Hakuna kilichoibwa. Pazia limesogezwa, kiti hakipo alipokiacha, siku moja droo ya nguo za ndani iko wazi nusu. Ikafika mahali usiku anasukumia mtungi wa gesi mlangoni ndipo alale.

Mjomba wake akashauri: wekeni viatu vya kiume nje ya mlango, wajue humu kuna baba. Nikachukua vya mume wangu, vya ngozi, vyeusi, namba 44. Tukavipaka na vumbi kidogo ili vionekane vinavaliwa. Asubuhi vimebebwa! Aliyepita hakumwogopa baba wa humo ndani, alipenda viatu vyake. Mpaka leo mume wangu anaviulizia, na mimi namsaidia kuvitafuta.

Ndipo nikaja na poda. Sakafu yake ni ya vigae vya rangi nzito. Asubuhi akitoka, anarudi kinyumenyume huku anatikisa poda ya mtoto iliyotiwa ndani ya soksi, mpaka kizingitini, kisha anafunga. Lazima iwe soksi; ukimwaga kwa mkono inaonekana wazi na mtu ataikwepa. Kwa nje, chini kabisa, tukabandika uzi mweusi kutoka mlangoni hadi kwenye fremu kwa kipande cha sabuni ya mche. Haikuchukua muda. Jioni moja uzi umeachia, na ndani kuna alama za kandambili, ya kulia imelika kisigino upande wa nje. Tukapiga picha tukiwa tumelaza rula pembeni. Kisha tukashuka kumsalimia kijana anayetunza nyumba. "Habari za jioni, kaka?" Yeye anajibu nzuri, sisi macho yote miguuni. Ndiyo hiyohiyo!

Akasema aliingia kukagua bomba. Mama mwenye nyumba akamkingia kifua: "Wanangu, huyu nimemlea mwenyewe." Shikamoo mama, tumekusikia, lakini ufunguo wa akiba arudishe. Hakurudisha.

Tukaenda kwa mjumbe, naye akatupeleka serikali ya mtaa. Kwa kuwa tulikuwa na picha, hakuna aliyetuambia tunaota. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mpangaji anayelipa kodi haki ya kukaa kwa amani bila mwenye nyumba kumwingilia, nikaitaja kwa sauti. Mwenyekiti akaandikisha makubaliano: haingii mtu mpaka mpangaji apigiwe simu na awepo. Ikijirudia, safari inayofuata ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Sasa kitasa. Fundi wa mtaani alitaka kung'oa chote, elfu themanini na ushee. Alituona wanawake. Kama mlango una kitasa cha silinda, fungua na utoe skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo, chomeka ufunguo, uzungushe kidogo tu, silinda inatoka. Nenda nayo mkononi Kariakoo, usikisie urefu. Ilitula kama elfu ishirini hivi, na nauli. Wenye vile vitasa vya bei rahisi vya ufunguo mrefu, nyie badilisheni chote, maana funguo zake zinaingiliana; mimi nimewahi kufungua stoo ya jirani kwa ufunguo wa jikoni kwangu. Na komeo la ndani likazeni kwa skrubu ndefu. La shoga yangu lilishikiliwa na vijiskrubu ambavyo hata mtoto angeving'oa kwa bega.

Mama mwenye nyumba akauliza, moto ukitokea je? Hapo alikuwa na haki yake. Tukatia ufunguo mmoja kwenye bahasha, tukaigundisha, shoga yangu akasaini juu ya mshono, mwenyekiti akagonga muhuri, mama akakabidhiwa. Anaweza kuifungua wakati wowote, ila hawezi kuifungua kimyakimya. Hilo wazo ni langu, msije mkasema la mjomba.

Silinda ya zamani ameihifadhi kwenye kopo la sukari. Akihama anarudishia ya nyumba, anaondoka na yake.