Jinsi Mimi na Binti Yangu Tulivyomudu Kambi ya Skauti na Sikukuu ya Mavuno kwa Pamoja

Ratiba ya kambi ya skauti ya shule anayosoma binti yangu ilipotoka, ilionyesha kwamba vijana wangeondoka Dodoma mjini Ijumaa mchana kwenda Hombolo na kurudi Jumapili jioni. Jumapili hiyo hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno kanisani kwetu, na kwaya ya watoto, ambayo binti yangu ni mwimbaji wake, ilikuwa imepangiwa kuimba katika ibada ya pili. Baadhi ya wazazi walikuwa wameshakata shauri: wengine waliwafuta watoto wao kambini, wengine waliwaombea ruhusa kwa mwalimu wa kwaya. Mimi sikutaka binti yangu alazimike kuacha kimoja. Skauti anapotoa ahadi yake hutaja wajibu kwa Mungu na kwa nchi kwa pumzi moja, na sikuona ni vipi ningemfundisha kuwa ahadi hiyo ina kazi porini lakini haina kazi kanisani.

Nilianza kwa kuzungumza na watu kabla ya kugusa begi. Mwalimu wa kwaya alikubali binti yangu akose mazoezi ya Jumamosi, kwa sharti kwamba awe ameshika beti zote kufikia Alhamisi. Kiongozi wa skauti naye alikuwa na sharti lake, nami nililiheshimu sana: hamruhusu mtoto kutoka kambini akiwa na dereva au jirani, bali na mzazi mwenyewe, ambaye ni lazima atie sahihi kwenye daftari. "Mama, jikoni tunapungukiwa na watu," aliniambia. "Ukija Jumamosi ukalala nasi, utatusaidia, na Jumapili asubuhi utaondoka naye mwenyewe." Pendekezo hilo ndilo lililotatua jambo lote, maana lilinipa nafasi ya kuwa na mwanangu badala ya kumsubiri mjini kwa wasiwasi.

Begi alilipanga mwenyewe kwa kufuata orodha ya kiongozi, mimi nikabaki kukagua. Nilichosisitiza ni nguo za baridi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai upepo wa usiku hukata kweli kweli, ingawa mtu anayeujua mji huu kwa jua lake la mchana huenda asiamini. Kwa hiyo pamoja na kanga na shuka tuliweka blanketi zito, sweta, soksi na mkeka wa kutandika chini ya kigodoro, kwa kuwa anayelala hemani huipata baridi kutoka ardhini kabla hajaipata kutoka hewani. Nywele alisukwa mistari Alhamisi jioni ili Jumapili asiwe na kazi ya kichwa. Sare ya kwaya haikwenda naye. Niliifua, nikaipiga pasi na kuifunga katika mfuko wa plastiki, nikaja nayo mimi, kwani nguo iliyokaa karibu na kuni siku mbili hunuka moshi hata ukiikung'uta.

Jumamosi alfajiri nilikuwa kanisani na akina mama wenzangu tukipamba madhabahu kwa mabua ya mtama na vichwa vya alizeti. Nilikabidhi debe langu la karanga za sadaka kwa mzee wa kanisa, kisha nikapanda daladala ya Hombolo, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka mjini.

"Shikamoo mama," alinipokea mwanangu, na kabla sijatua mzigo alikuwa ameshanivuta kwenda kuona hema lao. Ardhi ya pale ilikuwa imekauka ikawa ngumu, vigingi viliingia nusu tu, kwa hiyo kikosi chao kilikuwa kimefunga baadhi ya kamba kwenye mawe makubwa. Alifungua kamba moja ili anionyeshe. Aliizungusha kwenye jiwe, akairudisha ncha juu ya kamba yenyewe, akaizungushia mara mbili kwa ndani na mara moja kwa nje, akakaza. Kisha akalisukuma fundo kwa vidole viwili na kamba ikavutika kama uzi wa zeze. "Upepo ukilegeza, hatufungui tena, tunasukuma tu," alisema. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kambi haikuwa mbali na Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950, na hapo kiongozi hakuwa na mzaha: hakuna mtoto kuingia majini, hata kunawa miguu. Maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makao ya kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Maji yote ya kambi yalitoka bombani kwa madumu. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye kambi iliyo karibu na bwawa na aulize jambo hili mapema.

Jikoni tulikuta kwamba kazi yetu akina mama ilikuwa kuangalia usalama wa moto na kugawa vyakula, kwa sababu kila kikosi kilijipikia kwenye mafiga yake. Ugali wa kikosi cha binti yangu ulikuwa na mabonge, mlenda wao ulikuwa mzuri, na hakuna aliyebakiza. Naamini kupika huku ndiko kunakomjenga mtoto kambini, zaidi hata ya gwaride. Usiku, kwenye moto wa kambi, baada ya ngoma za Kigogo na michezo, binti yangu na wenzake wawili wa kwaya waliombwa kuimba, wakachagua wimbo wa mavuno. Mazoezi yaliyokosekana mjini yalifanyika hapo.

Jumapili tuliamka saa kumi na moja. Maji ya kuoga tulikuwa tumeyaacha kwenye sufuria juu ya makaa, kwa hiyo aliyapata ya moto. Saa kumi na mbili alisimama kwenye kupandisha bendera, nikatia sahihi, tukapanda gari la kwanza. Kabla ya saa tatu alikuwa amevaa sare katika chumba cha shule ya Jumapili, na aliimba beti zote bila kuangalia karatasi. Baada ya ibada tulibaki kwenye mnada wa sadaka, ambako kuku, mtama, maboga na debe langu la karanga viliuzwa kwa wenye kutoa zaidi.

Nilidhani tumemaliza, lakini yeye akasema, "Mama, wenzangu wamevunja kambi bila mimi." Tukaenda shuleni jioni, akashusha mahema na masufuria pamoja nao, akasugua lile la ugali peke yake.

Wiki iliyofuata nilimwomba kiongozi wa skauti na mwalimu wa kwaya wapeane kalenda zao mwanzoni mwa kila muhula. Wote wawili walikubali, na kambi ya likizo ya Desemba imeshapangwa kuisha kabla mazoezi ya Krismasi hayajaanza.