Redio ya valvu kwenye Chevrolet 3100: usiiwashe kabla hujaifungua

Ukikuta pikapu ya Chevrolet 3100, ile iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1947 hadi mwanzoni mwa 1955, na redio yake ya kiwandani bado imekaa kwenye dashibodi, mkono utakuwasha uunganishe betri na kuzungusha nobu usikie kama itaongea. Uzuie huo mkono. Redio iliyolala miaka 40 inaweza kuunguza transfoma yake, ile koili ya kupandisha volti, ndani ya dakika chache, na katika redio hizi hakuna kipande kinachosumbua kupatikana kama transfoma. Valvu (mirija iliyotumika kabla ya transista) zinapatikana, kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda) zimejaa madukani, spika inaweza kuundwa upya. Transfoma ikiungua, unaanza kutafuta redio ya pili ili uichinje.

Kwanza jua gari lako lina umeme gani. Chevrolet hizi zina volti 6, hasi kwenye bodi. Ford F-1 ya miaka hiyohiyo nayo ni volti 6, lakini chanya ndiyo iko kwenye bodi. Volti 12 zilikuja kwa Chevrolet na muundo mpya uliotoka Machi 1955, na magari mengi ya zamani yamebadilishwa baadaye na wamiliki, kwa hiyo usiamini mwaka wa gari. Pima betri kwa mita.

Sasa umeme wenyewe. Valvu zinataka volti 200 hadi 250 kwenye anodi (bamba la ndani linalopokea mkondo), na betri ina 6. Transfoma peke yake haiwezi kuzipandisha kwa sababu umeme wa betri ni wa moja kwa moja, haupandi wala kushuka. Kazi ya kuukatakata ni ya vaibreta: kopo la bati lenye ulimi wa chuma ndani, unaopiga huku na huku kama mara 115 kwa sekunde, ukipeleka mkondo nusu moja ya transfoma kisha nusu nyingine. Ule mvumo wa nyuki unaousikia redio ikiwaka ndio huo. Kontakti za vaibreta zikigandana, mkondo unapita upande mmoja bila kukatwa, na waya wa transfoma upande huo una ukinzani wa sehemu ndogo tu ya ohm moja. Hapo kinachobaki kukuokoa ni fyuzi. Redio nyingi za volti 6 zilikuja na fyuzi ya ampea 14; ukikuta mtu ameweka ya 30, au ameifunga karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, tarajia mabaya ukifungua kifuniko.

Pembeni ya transfoma, kwenye nyaya za umeme mkubwa, kuna kapasita moja iitwayo bafa. Hiyo ndiyo ya kubadilisha kabla ya kitu kingine chochote, hata kama mita inasema nzima. Kontakti za vaibreta zinapoachana, transfoma haikubali mkondo ukatike ghafla. Inarusha volti nyingi kwa kishindo. Bafa inaupokea msukumo ule na kuugeuza taratibu, ili ulimi unapofika upande wa pili volti ziwe tayari zimegeuka na kontakti zifunge bila cheche. Ndiyo maana thamani yake haichezewi. Ikiwa ndogo kuliko ya kiwanda, cheche zinakula kontakti wakati zinaachana. Ikiwa kubwa, zinaungua wakati zinakutana. Soma iliyoandikwa kwenye mchoro wa redio yako, mara nyingi ni kati ya 0.005 na 0.01 mikrofaradi, na uweke thamani hiyohiyo, aina ya polipropilini, volti 1,600 au 2,000. Kapasita ya volti 630 haitadumu hapo, hata muuzaji akikuapia.

Vaibreta yenyewe, ikiwa haivumi ukiipa umeme, mara nyingi haijafa. Sponji ya mpira iliyowekwa ndani kuzuia kelele inaoza, inatoa mvuke wenye salfa, na kontakti zinaota utando usiopitisha umeme. Kunjua ukingo wa kopo kwa koleo ndogo kidogokidogo ukizunguka, chomoa utumbo, tupa sponji iliyooza. Pitisha kipande chembamba cha msasa namba 1000 kati ya kontakti, mara mbili tatu kwa kila upande, kisha kipande cha karatasi nyeupe kilicholowa spiriti mpaka kitoke safi. Usitumie tupa: inaondoa madini ya kontakti na kubadilisha nafasi, na vaibreta yenye nafasi isiyo sawa hupiga kwa kuchechemea. Usipinde majani ya kontakti kwa vidole. Siku hizi kuna vaibreta za elektroniki zinazoingia kwenye soketi ileile, na sioni dhambi kuzitumia, ila angalia ni ya hasi kwenye bodi au chanya kwenye bodi. Ya zamani ya kawaida haijali. Lakini kuna redio zisizo na valvu ya rektifaya (inayounyoosha umeme uende upande mmoja), ambazo vaibreta yake inafanya kazi mbili, kukata umeme na kuunyoosha tena. Hizo zinajali sana, na ukikosea, kapasita za filta (zinazotuliza umeme mkubwa) zinapokea umeme wa kinyume.

Kwenye redio zenye rektifaya utakuta 6X5, 6X4 au 0Z4. Hii ya mwisho inachanganya watu kwa sababu haiwaki ndani hata ikiwa nzima. Haina filamenti, ile sifuri mwanzoni mwa jina ndiyo volti zake za kupasha moto. Ina gesi, na gesi ikichoka haishiki mpaka igongwe gongwe, au inashika gari likiwa linachaji tu. Wengi huweka dayodi mahali pake. Inawezekana, lakini dayodi moja ya 1N4007 kila upande iko ukingoni mwa uwezo wake. Weka mbili kwa mfululizo kila upande, na rezista ya ohm 100 hadi 220, wati 5, kabla ya filta, kwa sababu dayodi zinatoa umeme wote papo hapo wakati valvu nyingine bado baridi na hazijaanza kula. Binafsi ningetafuta 0Z4 nzima kwanza.

Baada ya bafa, nenda kwenye kapasita ya 0.01 mikrofaradi inayopeleka sauti kutoka anodi ya valvu ya kwanza ya sauti (6SQ7, 6AT6 au 6AV6) kwenda gridi (mguu unaodhibiti mkondo) ya valvu ya mwisho, 6V6 au 6AQ5. Ile ya karatasi na nta huvuja, gridi inapata volti chanya, valvu ya mwisho inavuta mkondo kupita kiasi, na transfoma ya spika inaungua. Weka ya filamu, volti 630. Kapasita nyingine zote za karatasi nazo zibadilishe, moja moja, ukilehemu moja kabla ya kukata inayofuata, maana kukata zote kwa pamoja ndiko kunakozaa makosa ya waya. Zile bapa za maika na za kauri ziache. Za filta, zilizo ndani ya kopo la alumini, zikate kutoka kwenye waya lakini kopo libaki juu ya chasisi kwa sura. Chini yake funga mpya za mikrofaradi 22, volti 450, nyuzi 105, kwa kuwa ndani ya dashibodi kuna joto. Usiongeze ukubwa ukidhani sauti itakuwa safi zaidi. Kila mikrofaradi unayoongeza inabebwa na kontakti za vaibreta redio inapowashwa.

Rezista za kaboni hupanda thamani kwa uzee. Pima kila moja ukiwa umeinua mguu mmoja; iliyozidi asilimia 20 itoe. Zinazoharibika zaidi ni zile kubwa za kilo-ohm 220 na 470. Bamba dogo la chuma lililobanwa kwenye ukuta wa chasisi pale waya wa betri unapoingia, lenye karatasi ya kuhami katikati, ni kapasita ya kuzuia kelele za injini. Watu hulitupa wakidhani ni takataka.

Kabla ya kurudisha vaibreta, kuna kipimo kimoja kinachosema mengi. Ichomoe, weka ampemita kwenye waya wa betri, washa. Sasa zinakula filamenti na balbu ya kioo cha stesheni tu. Redio yenye valvu nne za ampea 0.3 kila moja, 6V6 moja ya 0.45, rektifaya ya 0Z4 na balbu ya 0.2 inatakiwa kuonyesha karibu ampea 1.9, ikiwa rektifaya ni 6X4 au 6X5, ongeza 0.6. Spika ya zamani yenye koili badala ya sumaku ya kudumu inaongeza kama ampea 1 hadi 1.5. Ikizidi hapo, kuna shoti upande wa betri, na vaibreta haihusiki. Ikiwa sawa, rudisha vaibreta, hakikisha spika imeunganishwa (valvu ya mwisho bila spika inarusha volti zinazotoboa transfoma yake), washa tena. Ampea 6 hadi 7 ni kawaida. Ikifika 10, zima hapohapo.

Ikikaa vizuri, pima umeme kwenye kapasita ya kwanza ya filta, volti 220 hadi 240, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Kisha pima gridi ya valvu ya mwisho: sifuri au hasi kidogo. Ikionyesha chanya zaidi ya nusu volti, ing'oe valvu upime tena. Ikibaki chanya, kapasita bado inavuja. Ikirudi sifuri, valvu yenyewe ina gesi ndani. Ukizima, maliza umeme wa filta kwa rezista ya kilo-ohm 10 kabla ya kuingiza vidole.

Volti 6 hazina akiba ya kupoteza. Swichi iliyo nyuma ya nobu ya sauti inabeba mkondo wote, na kontakti zake zikichakaa zinakula volti moja nzima, redio inakuwa na sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi huku kila kitu ndani ni kizima. Pima kati ya miguu miwili ya swichi redio ikiwaka: zaidi ya volti 0.2, isafishe. Waya wa kutoka kwenye fyuzi uwe wa milimita za mraba 4.

Upande wa stesheni kazi ni usafi zaidi kuliko ufundi. Badala ya kapasita ya kuzunguka, redio nyingi hizi zina vijiti vya unga wa chuma vinavyoingia na kutoka ndani ya koili. Grisi ya reli zake ikikauka, vitufe vinapitiliza stesheni. Osha kwa mafuta ya taa, tone moja la mafuta mepesi kwenye reli, na vijiti vyenyewe visiguswe na mafuta. Koili za masafa ya kati (IF, masafa ya ndani ya redio), ambazo kwenye redio za Delco, kampuni ya redio ya General Motors, ziko karibu kilohezi 262, usizizungushe mpaka uwe na jenereta ya mawimbi. Mara nyingi hazijahama, na bisibisi ya chuma huvunja kiini chake. Ukiona pembetatu ndogo kwenye 640 na 1240 za kioo, redio hiyo ni ya 1953 au baadaye: ni alama za mpango wa dharura wa Marekani uliodumu mpaka 1963, kwa hiyo hazifai kwenye gari la 1949 kama unajali uasilia.

Gari likiwa limeshabadilishwa kuwa volti 12, rezista kubwa ya kushusha volti haifai, kwa sababu mkondo wa redio unabadilika kuanzia inapowashwa mpaka inapopata moto, na volti zinabadilika nao. Tumia kipunguzi cha elektroniki cha 12 kwenda 6, ampea 10 au zaidi, ndani ya boksi la bati lililofungwa kwenye bodi, la sivyo kelele yake itajaa kwenye masafa yaleyale unayotaka kusikiliza.

Na masafa hayo ni AM peke yake, mawimbi ya kati. Anayetaka muziki wa simu aingize sauti kwenye mguu wa juu wa kidhibiti cha sauti kupitia kapasita ya 0.1 mikrofaradi na swichi ndogo iliyofichwa. Kutoboa chasisi ili kuweka redio ya kisasa ndani yake, hapana.

Redio ikisharudi kwenye gari, nyoosha antena mpaka urefu wake wa kawaida, tafuta stesheni dhaifu karibu na 1400, na uzungushe trima ya antena (skrubu ndogo ya kulinganisha redio na antena) mpaka sauti iwe kubwa kuliko pande zote mbili. Waya wa antena uwe wa magari. Ule wa televisheni una uwezo mwingi mno wa kapasita na trima haitafika.

Kelele ikiwepo, chomoa plagi ya antena. Ikinyamaza, inaingia hewani. Ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme. Ongeza moto wa injini kisha zima swichi ya injini: tik-tik ikikatika mara moja ni za plagi, na dawa yake ni rezista ya kilo-ohm 10 kwenye waya wa katikati wa distribyuta. Mluzi unaoshuka pamoja na injini ni wa dainamo. Weka kapasita ya 0.5 mikrofaradi kwenye terminali A, kamwe si F, kwani kwenye F inachoma kontakti za regyuleta. Na kelele inayokuja tu gari likiwa mwendoni kwenye lami kavu, ikapotea ukikanyaga breki kidogo, inatoka kwenye magurudumu ya mbele: tafuta vile visipringi vidogo vinavyokaa ndani ya vifuniko vya habu, mara nyingi vilitupwa siku ya kubadilisha beringi.